Mzaliwa wa Uvinza nimeambiwa nipunguze chumvi: migebuka na mawese nivipikeje?

Mstaafu wa Reli (Gungu, Kigoma)

Habari zenu wadau. Mimi ni mstaafu wa reli, naishi Gungu hapa Kigoma, na kwa sasa jikoni niko peke yangu. Mama watoto amekwenda Kasulu kumlea binti yetu aliyejifungua, na ninavyomfahamu, hatarudi kabla mjukuu hajaanza kukaa. Kwa hiyo mwiko uko mkononi mwangu.

Tatizo lenyewe ni presha. Nilipimwa ikasoma 158 kwa 96. Nikaambiwa nirudi siku nyingine, nikarudi, ikawa palepale. Dokta akaniandikia vidonge, akasema, "Mzee, punguza chumvi, punguza mafuta, kula mboga za majani," akamwita mgonjwa anayefuata. Sikatai, foleni ilikuwa ndefu. Lakini ukifika nyumbani ukaitazama sufuria, maneno hayo hayakwambii uanzie wapi.

Na mimi ni mzaliwa wa Uvinza. Anayeijua Uvinza anajua kwamba pale maji ya chumvi yanatoka ardhini, na watu wameyachemsha kupata chumvi karne nyingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Kwetu ukimpa mgeni chakula kisichokolea umemwambia aondoke. Kuniambia mimi nipunguze chumvi ni kama kumwambia mvuvi wa Kibirizi alione ziwa kwa picha.

Naeleza ninavyokula ili mnisaidie kwa hali halisi. Asubuhi chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, au chapati za jirani. Mchana na usiku ugali wa muhogo, mara nyingine nachanganya na unga wa mahindi. Kitoweo ni migebuka, samaki wa ziwa letu. Mibichi ikipanda bei nachukua mikavu ya chumvi. Au dagaa, au maharage. Maharage natia magadi kidogo yaive haraka, mkaa umepanda. Vyote vinapita kwenye mawese, ambayo nanunua dumu la lita tano na kuyamimina kwa macho. Kabla ya kuunga nayachoma mpaka wekundu uondoke, maana mabichi yananikera harufu. Sombe, yaani kisamvu, alikuwa anatwanga mama watoto. Mgongo wangu na kinu hawaelewani.

Sasa, mawese niyaache kabisa? Mjukuu wangu wa chuo amenipigia simu kusema mawese ni sumu, niwe nakula shayiri na mtindi asubuhi. Shayiri niitoe wapi, na pensheni hii? Hiyo mikavu ya chumvi je? Na ugali wa muhogo una neno?

Mnijibu kama mnavyomjibu mtu mwenye jiko moja la mkaa.

Mama Lishe wa Kibirizi

Shikamoo baba, pole na hongera ya mjukuu. Mimi nawapikia wavuvi na wachuuzi wa mwaloni, na mume wangu ana presha kama wewe, kwa hiyo hili nalipika kila siku, silisomi.

Migebuka mibichi usiikaange. Isafishe, ikate vipande, ikamulie ndimu ikae wakati unakatakata viungo. Kitunguu, nyanya usizionee huruma, nyanya chungu, pilipili ukiiweza, kitunguu saumu. Vyote hivyo viingie sufuriani na maji kidogo, bila mafuta, vichemke mpaka nyanya zilainike. Ndipo unapanga samaki juu. Usikoroge, mgebuka unavunjika. Shika sufuria kwa kitambaa uitikise. Ukikaribia kuepua weka mawese kijiko kimoja. Yakiingia mwisho harufu na rangi vinabaki juu, ulimi unadhani umeweka mengi. Chumvi nayo mwisho kabisa, baada ya kuonja. Mtu akitia chumvi mwanzoni huwa anatia tena mwishoni, wanaume mkipika ndiyo kabisa.

Mikavu ya chumvi: ioshe, iloweke kwenye maji ya vuguvugu, mwaga, loweka tena. Halafu ichemshe mara moja na hayo maji umwage pia. Ukiipika mchuzi baada ya hapo, usiguse kopo la chumvi. Lakini baba, ukweli ni kwamba hata ukiloweka namna gani, chumvi nyingine inabaki ndani ya nyama. Ifanye ya mara mojamoja.

Dagaa ndio mkombozi wako. Chagua wale walioanikwa kwenye vichanja, wanaong'aa, hawana mchanga, na onja mmoja palepale sokoni, maana msimu wa mvua wengine wanawatia chumvi wasioze. Nunua wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mzigo unapungua na bei inaruka. Mwenye akiba ya dagaa wakavu hababaiki. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wapumzike, nyumba zenye gunia zilikula dagaa, wengine tulisalimiana na maharage.

Mnyamwezi wa Ipuli

Mwangaluka mzee. Mimi ningekushauri uachane na mawese moja kwa moja, uchukue alizeti. Mawese ndiyo yanayowamaliza watu wa Kigoma.

Kuhusu maharage, huku Tabora magadi tunayajua sana, lakini dawa ya mkaa ni kuloweka usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, funika vizuri. Yakiiva, badala ya kuunga kwa mafuta saga karanga ukoroge humo, na kitunguu na nyanya. Utasahau dumu lako. Mboga za majani zikikosekana kiangazi tunakula nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, nayo ikipata karanga ni chakula cha mtu mzima. Hata kwenu kunde zipo, mama akirudi aanike.

Asubuhi badala ya chapati jaribu viazi vitamu vya kuchemsha. Na usiwasikilize watakaokwambia asali haina shida kwa sababu ni dawa. Mimi ni mtu wa asali, nyumbani kwetu kuna mizinga, lakini ukitia vijiko vitatu kwenye chai umekunywa sukari tu.

Nesi Mstahimilivu

Nafanya kazi zahanati, siwezi kumtibu mtu nisiyemwona, kwa hiyo la kwanza: vidonge usiviache hata kipimo kikishuka. Kikishuka maana yake vinafanya kazi. Wazee wetu wengi wanaviacha hapo hapo.

Mzee, mawese si sumu, na ndugu yangu wa Ipuli umeyahukumu bila kusikiliza upande wa pili. Ila si mafuta ya kuogeleshea samaki. Kijiko kimoja cha chakula ni kama gramu 14, na karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda, ambayo yakizidi hupandisha lehemu kwenye damu. Alizeti ina machache zaidi ya aina hiyo, kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kubadilishana, leo hili kesho lile, ni vizuri. Lakini mtu anayemimina alizeti kwa macho atanenepa vilevile, kila mafuta yana nguvu nyingi.

Ninachokuomba uache ni kuyachoma. Ule wekundu unaoutoa ndio uzuri wenyewe wa mawese, ndiyo mali ambayo mwili unageuza kuwa vitamini A. Ukiyachoma mpaka meupe umebakisha mafuta matupu, na moshi umeuvuta wewe. Fanya kama alivyosema Mama Lishe, weka mabichi mwishoni. Harufu inazoeleka, hasa ukiweka ndimu.

Sasa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni ya siku nzima pamoja na iliyomo ndani ya samaki mkavu, chapati ya jirani na vile vikubu vya supu. Vikubu hivyo vinamdanganya mtu: anasema sikutia chumvi, kumbe kiungo chenyewe ni chumvi iliyopakwa rangi. Magadi ni hivyohivyo, hayana ladha ya chumvi lakini yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Tena yanaharibu baadhi ya vitamini kwenye maharage. Loweka usiku, hapo Mnyamwezi amesema kweli.

Chumvi kidogo unayobaki nayo iwe yenye madini joto. Na kuna chumvi mbadala zenye potasiamu, mtu anaweza kukuuzia akikwambia ni ya wenye presha. Usinunue kabla ya kumwonyesha dokta, kwa sababu kwa mwenye tatizo la figo, na kwa baadhi ya dawa za presha, inaweza kuleta madhara.

Ugali wa muhogo hauna ugomvi na presha. Tatizo lake ni kwamba una protini kidogo sana, kwa hiyo usiule na mchuzi mtupu. Dagaa wazima na mifupa yao au maharage vinakamilisha. Unga utoke kwenye muhogo uliolowekwa na kuanikwa inavyotakiwa, hasa ule mchungu. Punguza bonge, ongeza mboga mpaka zichukue nusu ya sahani. Kama kinu kinakushinda, mchicha na matembele havihitaji kutwangwa.

Mstaafu wa Reli (Gungu, Kigoma)

Nawashukuru sana wanangu. Hili la magadi dokta hakuligusa, na mimi nisingemtajia, nani anamtajia dokta magadi? Nimeyatoa jikoni, nimempa jirani. Maharage yamelala kwenye maji usiku na kweli yameiva kabla mkaa haujaisha.

Ile migebuka ya Mama Lishe nimeipika jana. Nimeacha kuchoma mawese, ndimu imesaidia harufu. Ila chumvi, niseme kweli, sufuria ilikuwa kimya. Nilikula nikiwa nimenuna. Hivi ulimi unachukua muda gani kuzoea?

Nesi Mstahimilivu

Wiki chache, mzee. Punguza taratibu, usikate siku moja. Leo toa robo ya ulivyozoea, ukizoea toa tena. Na kopo la chumvi lisikae mezani, likae kabatini juu, uone uvivu kulifuata.

Mnyamwezi wa Ipuli

Nimekubali ya mawese nusu. Nusu nyingine nasubiri mzee apimwe tena.

Mama Lishe wa Kibirizi

Baba, umesema umeipika kama nilivyoeleza. Mawese uliweka kijiko kipi? Nilimaanisha cha kulia.

Mstaafu wa Reli (Gungu, Kigoma)

Kumbe si cha kupakulia.