Naomba ushauri: namna ya kutoa gambusia kwenye kidimbwi cha chemchemi bila sumu

Habari zenu wakuu, naishi Valencia huku Uhispania na najitolea na kikundi kinachohifadhi samaki anaitwa samaruc, mdogo tu hazidi sana urefu wa kidole, na duniani kote anapatikana pwani hii ya mashariki ya Uhispania peke yake, yuko hatarini kabisa kutoweka. Kimbilio lake ni vidimbwi vya chemchemi vyenye maji safi pembeni ya mashamba ya mpunga ya Albufera, ziwa lililo karibu na mji wa Valencia.

Sasa tatizo kubwa ni gambusia, samaki wa kigeni aliyeletwa Uhispania 1921 kutoka Marekani ili ale viluwiluwi vya mbu maana malaria ilikuwa inasumbua, lakini huyu anazaa watoto hai wengi wengi wakati samaruc anataga mayai kwenye majani ya majini, basi gambusia anayala mayai, anakula na vifaranga, wakubwa anawang'ata mapezi. Wa kanda ya ziwa mnaujua uchungu huu, sangara alivyowamaliza furu.

Wafugaji wa perege naombeni uzoefu wenu: mkitaka kusafisha bwawa kabla ya kupanda vifaranga mnalikausha muda gani mpaka vile vilivyojificha kwenye tope vife? Na chokaa je, haiharibu majani na konokono? Sisi chemchemi haikauki, maji yanapanda muda wote, nyavu za matundu madogo zinatoa wakubwa, vitoto vinapenya. Kibali cha serikali tutaomba, nataka kwanza njia inayofanya kazi kweli.