Mrejesho: Kununua na kuuza hisa za CRDB wiki ile ile

Wakuu, niliuliza hapa kama inafaa kununua hisa za benki ya CRDB siku bei inapoyumba, kisha kuuza ndani ya wiki hiyo hiyo. Wengi mlinishauri nianze na makato. Asanteni sana, hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Dalali wa hisa hukata kamisheni unaponunua na tena unapouza, na kuna tozo juu yake. Tuseme makato yote ni asilimia 2 kila upande: hisa ya shilingi 1,000 lazima ifike zaidi kidogo ya 1,040 ndipo pesa yako irudi, faida bado. Kupanda kwa shilingi 20 kunakopigiwa kelele mjini hakukusaidii chochote.

La pili ni oda, yaani agizo la kununua au kuuza unalompa dalali. Sasa kila oda naiwekea bei ya mwisho ninayokubali. Siku ya purukushani unakuta upande wa wanunuzi wana 980, wauzaji wanataka 1,010, katikati hakuna kitu. Ukinunua kwa 1,010 kisha ukauza kwa bei yoyote iliyopo, umeshapoteza 30 kabla hata soko halijashuka. Kwa DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) naona hili ni zito kuliko kubashiri bei, maana kuna kaunta (hisa za kampuni moja moja sokoni) zinamaliza siku nzima bila mnunuzi.

Hela ya kodi ya nyumba na ada siigusi kabisa. CRDB nilizonazo nazishikilia hadi gawio (mgao wa faida kwa wenye hisa), na fungu dogo tu ndilo la kuuza haraka. Mwenye uzoefu wa hisa za benki ya NMB kwa mtindo huu, naomba maoni.