Forester, RAV4 au X-Trail kwa barabara za milimani? Na sifa mbaya ya Subaru ina ukweli kiasi gani?

Dada wa Usambara

Wakuu, habari za jioni. Niko Lushoto, ni muuguzi, na mara tatu kwa wiki nazungukia zahanati za vijijini. Mvua zikianza, udongo wetu mwekundu unateleza kama sabuni, na pikipiki imeshanitosha. Nimejichanga hadi nimefika mahali pa kununua gari, na nimebakiwa na matatu, yote mtumba wa Japani, bei zinakaribiana: Subaru Forester ya 2006 (2.0, haina tabo, ile ya kuiongezea injini nguvu), Toyota RAV4 ya 2007 (2.4) na Nissan X-Trail ya 2008 (2.0).

Moyo wangu uko kwenye Forester. Nililijaribu kwenye mteremko wenye tope na lilipanda bila kutapatapa. Lakini kila ninayemtajia ananikataza. Mmoja ananiambia ni gari la vijana wa mbio, mwingine anasema litachemsha tu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulimiliki. Naomba wenye uzoefu mnieleze sifa hiyo ilitoka wapi, na hayo mengine mawili yananizidishia nini.

Baba Zawadi

Dada, chukua RAV4 ulale usingizi. Spea zake ziko kila duka, kila fundi analijua, na siku ukitaka kuliuza halimalizi wiki. Mimi nina la tatu sasa. Kuanzia 1994 lilipotoka mpaka leo, Toyota hawajaacha kuliendeleza, hilo peke yake linakuambia kitu.

Binti Mwinyi

Naitetea X-Trail. Ile ya 2008 ina swichi ya kuchagua: magurudumu mawili, mfumo ujichagulie wenyewe, au kufunga yote manne. Kwenye tope unafunga, ukitoka unafungua. Buti ni kubwa, viti vinafutika kwa kitambaa. Sharti moja: zenye gia boksi ya CVT, ile inayobadilika bila ngazi za gia, zinataka oili yake maalumu, si ya kubahatisha, na kwenye miinuko mirefu kama ya kwenu usiikamie. Ikipata joto sana huanza kupunguza nguvu yenyewe. Kama utalipata la gia za mkono, usiliache.

Mzee Kilimia

Binti yangu, hujambo. Niruhusu nianze na jina, maana jina limebeba historia.

Subaru ni jina la Kijapani la nyota zilezile ambazo wazee wetu waliziita Kilimia na kuzitazama ili wajue msimu wa kulima. Ule msemo wa "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua" unahusu nyota zilizo kwenye nembo ya gari unalolipenda. Zihesabu: ni sita, moja kubwa na tano ndogo. Zile tano ni makampuni matano yaliyoungana kuunda Fuji Heavy Industries, waundaji wa Subaru, mwaka 1953, na ile kubwa ndiyo kampuni iliyozaliwa.

Makampuni yale yalitoka kwenye mabaki ya Nakajima, kiwanda cha ndege. Chikuhei Nakajima alikuwa mhandisi wa jeshi la majini la Japani. Aliacha jeshi mwaka 1917 akaanza kuunda ndege eneo la Ota, mkoa wa Gunma. Kufikia Vita Kuu ya Pili, Nakajima ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege za kivita nchini humo. Hata ile ndege ya kivita ya Zero iliyosanifiwa na Mitsubishi iliruka kwa injini ya Nakajima iitwayo Sakae.

Japani iliposhindwa ilipigwa marufuku kuunda ndege. Fikiria watu waliozoea kupima kila gramu ili kitu kiruke, sasa wanatafuta cha kutengeneza ili wapate chakula. Mwaka 1946 wakatoa skuta iitwayo Rabbit, na zile za mwanzo kabisa zilifungwa magurudumu ya mkiani ya ndege yaliyobaki bohari. Gari la kwanza likaja 1954, nalo halikuingia sokoni. Yalitengenezwa kama 20 hivi. Mkuu wa kampuni, Kenji Kita, ndiye aliyelipa jina Subaru. Mwaka 1958 likatoka Subaru 360, kazi ya mhandisi Shinroku Momose: gari dogo la injini ya sentimita za ujazo 356 nyuma, uzito kilo 385, bodi yake imebeba uzito yenyewe bila chesisi, kama ndege. Wajapani walilipenda wakaliita mdudu kibibi. Kisha 1966 likaja Subaru 1000, na hapo ndipo ilipoingia injini ya kulala, ile ambayo pistoni zake zinapigana ngumi kushoto na kulia badala ya kupanda na kushuka.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu linakuhusu wewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani kwenye theluji nyingi, lilikuwa na shida. Mafundi wake walipaswa kufika kwenye nyaya milimani wakati wa baridi kali, na magari ya aina ya jipu waliyokuwa nayo yalikuwa ya mateso. Wakataka gari la kawaida, lenye joto ndani, linalosukuma kwa magurudumu yote manne. Kutokana na ombi lile, mwaka 1972 Subaru Leone ya magurudumu manne ikaanza kuuzwa, gari dogo la abiria la kwanza la namna hiyo kutengenezwa kwa wingi. Kwa hiyo anayekuambia Subaru ni la vijana wa mbio, mwambie lilianza kwa watu wa zamu, wanaoitwa usiku mahali pasipofikika. Mtu kama wewe.

Msafara wa Nakuru

Mzee umenifunza, asante sana. Mimi niongeze upande wa mbio kwa sababu sisi Wakenya ndio tuliobeba hiyo sifa.

Mwaka 1993 Subaru walileta Safari Rally kagari kadogo kaitwako Vivio, injini ya cc 660. Dereva wao nyota Colin McRae mwenyewe alikuwa kwenye moja na hakumaliza. Patrick Njiru wetu alimaliza, nafasi ya 12 kwa jumla na wa kwanza katika kundi lake. Pasaka iliyofuata, 1994, akaja na Impreza akamaliza wa nne. Nilikuwa mtoto, redio ya baba iko dirishani, na jina la Njiru likitajwa mtaa mzima unapiga kelele. Hamuwezi kujua ilikuwa na maana gani kwetu kumsikia Mkenya akitajwa pamoja na wale wa dunia. Halafu McRae akashinda Safari ya 1997 na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda, Juha Kankkunen wa pili, zote Subaru, zote za buluu na maandishi ya njano.

Duniani walichukua taji la watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, na taji la madereva kwa McRae 1995, Burns 2001 na Petter Solberg 2003. Mwisho wa 2008 wakajitoa. Sisi tuliokua na redio ile ndio tulionunua Impreza na Legacy za mitumba baadaye. Wengine wakazifunga ekzosi za kunguruma, wakazikimbiza usiku, na watu wakaanza kuona kila Subaru ni gari ya fujo. Forester 2.0 isiyo na tabo haina hayo mambo. Hiyo ni gari ya mwalimu.

Fundi wa Gerezani

Dada karibu. Nimefungua injini hizi miaka mingi, nitasema ninachokijua.

Habari ya kuchemsha ina mzizi wa kweli. Injini ya 2.5 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo iliyouzwa sana Marekani, gasketi yake ya hedi huvuja upande wa chini. Watu wa kule wakaandika sana, sifa ikasambaa kwa ukoo mzima. Hiyo 2.0 unayoitaka haina ugonjwa huo kwa kiwango kile. Kinachoiua hapa kwetu ni maji ya bomba. Injini imelala, njia za maji ni nyembamba, na ukiweka maji bila kutoa hewa yote, inabaki povu ndani. Mshale wa joto unakaa katikati, siku moja ghafla unapanda. Kulanti halisi, yaani maji maalumu ya kupoza injini, na kutoa hewa kwa uvumilivu, ndiyo dawa.

La pili, mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu zifuatane na pistoni. X-Trail hiyo na RAV4 hiyo zina cheni. Forester ya 2006 ina mkanda, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni zinaweza kugongana, na hapo ni injini nyingine. Fungua boneti utafute stika ndogo ya Kijapani yenye namba za kilomita. Wenzetu wakibadilisha mkanda huandika. Kama hakuna stika, hesabu mkanda mpya kwenye bei, pamoja na pampu ya maji na rola zake.

La tatu, plagi. Ziko ubavuni zimetazama chesisi. Ninatoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande mwingine, kisha mkono unaingia kwa kupapasa. Fundi asiyejua anabadilisha mbili za karibu na kukuambia amebadilisha nne. Nimekuta plagi mbili mpya na mbili zimelika kabisa kwenye gari moja, zaidi ya mara moja.

La nne, tairi. Zote nne ziwe sawa, aina moja na zimelika sawa. Mfumo wake unasukuma magurudumu yote wakati wote, na tairi moja likiwa dogo kuliko mengine, klachi za nyuma ya gia boksi zinasuguana mpaka ziungue.

Mama Kondo

Hayo maji ya bomba yalinigharimu injini. Nilikuwa na Forester, nikalipeleka gereji ya jirani kwa sababu ilikuwa karibu na bei yake nafuu. Wakatoa kulanti wakajaza maji, sikuambiwa. Baada ya miezi miwili likazima njiani kati ya Chalinze na Segera, mvuke unatoka kila mahali, wanangu wawili wako nyuma wanalia. Ningeuliza swali moja tu siku ile, "umeweka nini?", lingekuwa bado lipo. Gari nililipenda mno. Dada, uliza hilo swali kila mara.

Baba Zawadi

Nimesoma yote, nashukuru. Lakini tusimjaze dada upepo. Sifa ya kampuni si mbio na ndege tu. Mwaka 2017 Subaru wenyewe walikiri kwamba ukaguzi wa mwisho wa magari kiwandani ulikuwa ukifanywa na watu wasioidhinishwa, na kwa miaka mingi. Waliita magari kama 395,000 yarudi kukaguliwa upya kule Japani, na mwaka uliofuata Yasuyuki Yoshinaga akaachia urais wa kampuni. Na kumbukeni tangu 2020 Toyota anashikilia asilimia 20 ya hisa zao. Mdogo huegemea kwa mkubwa.

Mzee Kilimia

Ni kweli tupu, Baba Zawadi, na ni vema umelisema. Kampuni iliyojengwa na watu wa kupima gramu ilipaswa kuona aibu, na iliona. Gari la dada, hata hivyo, lishatembea karibu miaka ishirini. Lenyewe ndilo litakalojieleza.

Fundi wa Gerezani

Nami niongeze haki kwa upande wa RAV4. Hiyo 2.4 ni injini nzuri, ila za miaka hiyo zilijulikana kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, hadi Toyota wakaongeza muda wa dhamana kule Marekani. Si zote. Angalia moshi wa bluu asubuhi na uvute kijiti cha oili. RAV4 husukuma kwa magurudumu ya mbele, na ya nyuma huamka pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Kwa lami na vumbi inatosha kabisa. Kwa tope la kila siku, mimi ningechukua Forester, mradi fundi anayelijua asiwe mbali. Dada, una fundi huko?

Dada wa Usambara

Ninaye, yuko Korogwe, ameshika Legacy ya mchungaji wetu miaka sita na bado inatembea. Jamani mmenisaidia sana. Mzee, lile la mafundi wa umeme kwenye theluji nimewasomea wenzangu zamu ya usiku.

Leo mchana nimelirudia lile Forester. Stika ya mkanda ipo, kilomita 98,000, na mita inasoma 131,000. Ila tairi tatu ni za aina moja, ya nyuma kulia ni tofauti, na nimeipima kwa tepu ya kushonea: imewazidi wenzake kwa sentimita mbili za mzunguko. Muuzaji anasema si kitu.

Fundi wa Gerezani

Ni kitu. Tafuta mahali pagumu, lami au zege, kata usukani mpaka mwisho, achia breki lizunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Likizunguka kwa ulaini, klachi bado ziko hai, na tairi mpya nne zitoke kwenye bei yake. Likiguguma au likisimama kama mtu ameshika breki, muage kwa heshima.

Dada wa Usambara

Kuna uwanja wa zege nyuma ya soko. Kesho saa mbili asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha, nakwenda na fundi wa Korogwe. Nitaleta picha za chini ya hedi na jibu la uwanjani.