Kurukia jukwaa la gesi kutoka kwenye boti: naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

MtotoWaMsangaMkuu:
Habari za humu wakuu. Mimi ni fundi rangi, nipo Mtwara. Nimepata kibarua cha wiki tatu, kukwangua kutu na kupiga rangi kwenye jukwaa la kisima baharini. Kampuni na eneo sitaji, bado nautaka ugali wangu.

Kazi yenyewe naiweza, shida ni kufika. Boti inarudi kinyumenyume mpaka karibu na vyuma vya chini vya jukwaa, unashika kamba yenye mafundo, unabembea, unatua upande wa pili. Hatukufundishwa chochote. Siku ya kwanza niliruka begi likiwa mgongoni, boti imeshuka bondeni mwa wimbi. Nikabaki naning'inia, boti ikapanda, ikanikuta unyayo. Kucha ya dole gumba haipo tena. Msimamizi akacheka: "Si watu wa pwani nyie?"

Ni kweli, baba yangu mvuvi. Lakini ukihama kutoka mtumbwi kwenda ngalawa, vyote viwili vinacheza na maji. Huku kimoja kimegoma kabisa na kingine kinapanda na kushuka. Niruke wakati gani? Na nikikataa kuvuka, si ndiyo nimefukuzwa? Naomba kuwasilisha.

KoroshoDaraja1:
Pole mkuu. Njoo tubangue korosho, huku ukianguka unaangukia maganda.

MzeeWaTezi:
Dogo, achana na huyo wa korosho. Nimepakia na kupakua watu miaka mingi, nikueleze.

Usiruke ukiwa umeangalia jukwaa. Angalia maji. Hesabu mawimbi matatu manne uone mwendo wake. Mikono yote miwili iwe juu ya kamba, juu ya kichwa, na uivute kwanza kwa uzito wako, maana jua na chumvi huozesha kamba huku kwa macho inaonekana nzima. Boti ikifika kileleni mwa wimbi hutulia kidogo sana kabla ya kushuka. Hapo ndipo unapoondoka, ili boti ishuke ikuache. Wewe uliondoka ikiwa chini, kwa hiyo ikapanda kukufuata. Ashukuriwe Mungu ilikuwa kucha na si goti.

Kurudi ni kubaya zaidi, maana umechoka na unawaza nyumbani. Tua boti ikiwa juu. Ukiifuata inaposhuka, sitaha inakukimbia. Ukiikuta inapanda, inakuvunja magoti. Avuke mtu mmoja mmoja, na upande wa pili awepo mtu wa kukupokea. Begi lipandishwe kwa kamba yake. Na huko tezi, nyuma ya boti, ndiko liliko pangaboi, kwa hiyo mtu akianguka, nahodha akate mwendo kwanza, mengine baadaye.

Swali: mnavuka saa ngapi? Maji yakipwa, hasa ya bamvua yanayoshuka sana, mnakanyaga vyuma vya chini vyenye mwani na chaza. Vinateleza kama bamia.

MtotoWaMsangaMkuu:
Shikamoo mzee. Saa yoyote boti ikifika. Siku ile maji yalikuwa yamekupwa kabisa.

DadaKofiaNgumu:
Mzee kamaliza upande wa kuruka. Mimi nasema kuhusu kutoruka.

Huu ni mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza. Mkisoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukasema mawimbi mita 1.5, hiyo si mita 1.5 kwa kila wimbi. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, na wimbi moja moja laweza kukaribia mara mbili yake. Kwenye mitambo ya upepo ya Bahari ya Kaskazini, boti ndogo nyingi husitisha kuvusha watu kwenye kiwango kama hicho, na wale wanavukia ngazi, si kamba. Wenye fedha hutumia daraja la Waholanzi linalojirekebisha lenyewe kadiri meli inavyoyumba.

Uliza kama jukwaa lina winchi iliyothibitishwa kubeba watu. Kama ipo, lipo kapu la kuinulia watu: unasimama kwenye duara lake kwa nje, uso ndani, mikono imepishana kwenye nyavu, mizigo katikati. Nalo si la kuchezea, lakini mguu haubanwi na boti.

Kuhusu haki: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri mafunzo na vifaa. Usigombane na msimamizi peke yako. Kaeni wote, mwambieni nahodha. Na hiyo kucha iandikishwe kama ajali kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili hiyo.

KoroshoDaraja1:
Kucha nayo inalipwa?

DadaKofiaNgumu:
Ikioza mguu utaniuliza tena.

MtotoWaMsangaMkuu:
Mrejesho wakuu. Jumatatu tulimfuata nahodha sita pamoja. Naye alikuwa haipendi ile kamba, ila alikuwa hasemi. Tumefanya mazoezi gatini, boti imefungwa, kila mtu mara tano. Kamba imebadilishwa. Tulipofika jukwaani kusi lilikuwa juu, nahodha akazunguka mara mbili, akageuza. Msimamizi kanuna, siku imelipwa nusu. Kesho tunaondoka alfajiri, maji yakiwa yamejaa.

MzeeWaTezi:
Na begi?

MtotoWaMsangaMkuu:
Litapanda na kamba yake, mzee.