Darasa la pili, jaribio la hesabu: vishikwambi au karatasi?

Mama_Darasa: Habari zenu wadau. Nafundisha darasa la pili, shule binafsi, Morogoro. Uongozi unataka jaribio la hesabu tulihamishie kwenye vishikwambi. Tumejaribu juzi, watoto wanaojumlisha vizuri daftarini wameanguka vibaya. Tatizo ni mtoto au mashine? Naombeni ushauri, nimekwama.

Mzee wa Chaki: Sisi tulihesabu kwa vizibo vya soda, fimbo ya mwalimu ikiwa mezani. Leo mtoto anapewa skrini hata saba mara nane haijui.

fundi_mitambo: Umeme ukikatika mnachajia wapi?

Nuru K: Mwalimu, mtoto wa umri huo ukimpa 14 + 7 anachora vijiti pembeni. Kwenye skrini atavichora wapi? Na 42 − 17 akiandika 35 kwenye karatasi, naona palepale: katoa 2 kwenye 7, hajakopa. Mashine itasema amekosa, basi. Kwenye EGMA, ile tathmini ya hesabu ya madarasa ya chini, kishikwambi anashika mtathmini. Mtoto anatazama karatasi, anajibu kwa mdomo. Vishikwambi viwili vitatu vinawatosha.

Mama_Darasa: Asante dada, ila tunahitaji vya darasa zima.

Nuru K: Mnahitaji, au mmeshanunua?

Mama_Darasa: Malipo ya awali yameshatoka. Muuzaji ni shemeji yangu, mimi ndiye nilimpeleka kwa mkurugenzi. Lakini bei yake nzuri jamani, na waranti ipo. Watoto watazoea tu.

Mzee wa Chaki: Aaah, kumbe! Ulikuja kuomba ushauri au baraka?

bongo_safi: Chai hii. Kajiunga leo, uzi wa kwanza, na shemeji ana mzigo. Bandiko linalofuata ni namba ya simu.

fundi_mitambo: Na vile vya sensa ya 2022 si waligawiwa walimu? Wewe chako kiko wapi?

Mama_Darasa: Waligawiwa wa serikali, mimi niko binafsi. Na sitangazi biashara! Kuna mtoto alitaka kuandika 16, kidole kikagusa 19, akatoa ufutio akaanza kuisugua skrini. Muuzaji gani atawasimulia hayo?

bongo_safi: 😂😂 Ufutio umenimaliza. Haya, shemeji anauza kimoja shilingi ngapi?