Amilasi juu kwa mgonjwa wa sepsisi: kongosho imeumia kweli?

Nesi_Koboko: Hamjambo. Mama wa miaka 40, kilo 60, sepsisi (maambukizi yanayodhuru mwili mzima) iliyoanzia kwenye figo. Presha 80/50, mkojo kidogo. Hana kisukari lakini sukari ni 14 mmol/L. Amilasi, kimeng'enya cha kongosho, iko mara 2 ya kawaida, tumbo laini. Kuna dawa ya kukinga kongosho?

Dkt_Wodini: Dawa hiyo hakuna, dada. Presha ikishuka, mwili hubana mishipa ya tumbo ili damu ifike kwenye moyo na ubongo. Kongosho haivumilii njaa hiyo: vimeng'enya vya kusaga chakula huamka vikiwa bado ndani ya seli na kuanza kuzila. Kwa hiyo kinga ni damu ifike. 80/50 ni presha ya wastani 60, itafute 65. Antibayotiki ndani ya saa 1, baada ya kuchukua damu ya kuotesha vijidudu maabara, lakini isicheleweshwe kwa kuisubiri damu hiyo. Maji ya mshipani ya Ringer's mpe 500 ml, sikiliza mapafu, ndipo uongeze. Kumwaga maji tu kuna hatari: utafiti wa Zambia wa 2017 ulionyesha vifo kuongezeka kwa watu wazima, na ule wa 2011 kwa watoto ulihusisha Uganda yetu yenyewe. Maji yakishindwa, noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Na apigwe ultrasaundi leo leo. Jiwe likiwa limeziba figo, usaha usipotolewa mengine yote ni bure.

Maabara_Arua: Mara 2 haitoshi. Amilasi hutoka pia kwenye tezi za mate, na figo ikilegea haiondoki kwenye damu. Ili kusema kongosho imevimba unahitaji mawili kati ya haya: maumivu halisi ya kongosho, amilasi au lipasi (kimeng'enya chake kingine) mara 3 na zaidi, au picha ya kongosho. Msirudie amilasi kila siku, pesa hiyo nunueni stripu za sukari.

Dkt_Wodini: Ndiyo, sukari ndiyo kazi. Ikizidi 10 mara mbili, anza insulini ya mshipani, lenga 8 hadi 10, pima kila saa, angalia potasiamu. Insulini ya chini ya ngozi haifyonzwi vizuri kwenye shoku, yaani presha ikianguka hivi. Damu ya kidole nayo hudanganya presha ikiwa chini. Pima ya mshipa.

Nesi_Koboko: Asante. Na chakula tumzuie ili kongosho ipumzike?

Dkt_Wodini: Hapana. Presha ikitulia, uji mwepesi kwa mpira wa puani, kidogo kidogo. Malaria ikionekana, mpe atesuneti. Kwinini huisukuma kongosho kumwaga insulini, na sukari huanguka mgonjwa akidhaniwa amelala.