Olunga, kuhamahama kulimjenga?

Wa Shela: Jamani mdogo wangu ni straika hapa Malindi, kila msimu ataka kuhama timu na mfano wake ni Michael Olunga, yule straika wa Kenya. Ati kuhama ndiko kulimjenga?

Mkereketwa: Mwache ahame bora anacheza! Olunga alitoka Gor Mahia akaenda Djurgården kule Uswidi, China, kisha mkopo Girona ya Uhispania akapiga hat-triki dhidi ya Las Palmas na bado namba ya kudumu hakupata.

Baba Swaleh: Japani ndo alilipuka bwana, timu yake Kashiwa ilishuka daraja hakukimbia, 2019 akawatia Kyoto Sanga magoli 8 mechi moja, walikufa 13-1!! 2020 magoli 28 na mchezaji bora wa ligi, ndo akaenda Qatar. Kwani mdogo wako huko aliko yuwapangwa?